Bi Asidi na Kigari cha Kona ya Tangi

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa zuri tu, lakini kazini na mtaani kote aliitwa Bi Asidi, na sababu ilionekana kwenye nguo zake. Kila gauni alilokuwa nalo lilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kazi ya matone ya maji makali ya betri. Matone hayo huruka bila kuonekana, na ukishafua ndipo kitambaa kinapofunguka. Jambo hilo lisingekuwa na uzito kama mumewe asingekuwa fundi cherehani. Mteja anakuja na kitambaa chake cha sherehe, anamwona mke wa fundi anapita na gauni kama chujio, anasimama kidogo mlangoni, halafu anakumbuka kwamba ana safari ya dharura. Mumewe, mtu mpole kupita kiasi, alimshonea aproni ya turubai nene. Ilidumu hadi mvua za kwanza, kisha nayo ikaanza kupitisha mwanga.

Bi Asidi alikuwa fundi wa betri kwenye makaburi ya kampuni moja, nje kidogo ya mji, mahali palipopandwa nyasi na maua juu ya kilima kirefu. Kwa kuwa kilima kile kilikuwa kinawatoa watu pumzi kabla hawajafika kuzika, kampuni ilinunua vigari vya umeme kutoka kwenye klabu ya gofu iliyokuwa imefunga milango. Vilikuja kama vilivyokuwa. Nyuma ya kila kigari palikuwa na kishikio cha mfuko wa fimbo za gofu, na sasa humo yalisimamishwa mashada ya maua. Kwenye usukani palikuwa na kibanio cha karatasi ya kuandikia mabao, na wafiwa wengi walibania hapo ratiba ya mazishi. Vigari vichache vilifungiwa tela dogo la kubebea jeneza. Kimoja kati ya hivyo, cheupe zaidi ya vingine, wafanyakazi walikiita Bwana Harusi.

Asubuhi yake ilianzia kwenye banda la nyuma. Vigari vililala kwenye chaja, na yeye alivichomoa kimoja kimoja kisha akaviacha vikae kwanza. Kuna watu wanaopima betri ikiwa bado na joto la chaja, wakaandika kwamba imejaa, wakaenda zao. Bi Asidi aliwaona watu hao kama wanaomwuliza mtu hali yake akiwa ametoka kusifiwa sasa hivi. Betri ilipotulia, alifungua vifuniko, akanyonya maji makali kidogo kwa kipimo chake cha kioo, akainamisha shingo kuangalia boya la ndani linaelea wapi. Tundu baada ya tundu, betri baada ya betri. Kisha mita ya umeme. Kisha maji safi pale yalipopungua, na brashi na magadi kwenye ncha zilizoota kutu ya kijani. Kazi hii aliipenda kwa namna ambayo hakuwahi kumweleza mtu, maana hata angeeleza, nani angeelewa.

Mtaani ndiyo kabisa hawakuelewa. Walijua anafanya kazi makaburini, walijua anapima chaji, na wengine wakaunganisha hayo mawili wenyewe. Jirani mmoja alimfuata akamwomba, kwa heshima zote, apite nyumbani kumpima mumewe, kwa sababu tangu astaafu haamki kitandani na yeye hataki kukimbilia kumzika kama bado ana kitu ndani.

Jambo lingine la pale kazini ni kwamba hakuna aliyepaza sauti. Msimamizi wa makaburi alikuwa amenong'ona kwa miaka mingi mpaka koo lake likasahau njia nyingine. Alinong'ona akifurahi, alinong'ona akikasirika, na siku mtunza bustani alipomkanyagisha toroli kwenye kidole cha mguu, alilalamika kwa kunong'ona. Kwa hiyo mazungumzo mengi ya kiufundi kati yake na Bi Asidi yalisikika, kwa mtu aliyepita mbali, kama watu wanaopanga kutoroka.

Matatizo yalianza siku Bwana Harusi alipozimika akiwa na jeneza.

Marehemu alikuwa mzee wa familia kubwa, mtu wa maneno mengi enzi za uhai wake. Dereva wa kigari, ambaye kwa ajili ya mwendo wake watu walimwita Taratibu, alipanda kilima vizuri mpaka kwenye kona iliyo chini ya tangi la maji, mahali njia inapokuwa kali. Hapo kigari kikapunguza mwendo, kikaguna, kikasimama. Taratibu akakanyaga, wapi. Waombolezaji waliokuwa wakifuata kwa miguu wakasimama nao. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mzee amekataa.

Bi Asidi alikuwa bado bandani. Alipoitwa kwa simu, kwa kunong'ona, alichukua mita yake akapanda kilima mbio. Lakini hakuwahi. Kabla hajafika, mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa ameshapiga magoti mbele ya tela na kumweleza baba yake kwamba yeye ndiye aliyemfichia meno yake ya bandia siku ya harusi ya dada yao, ili asihutubie. Akaomba msamaha. Akalia, na ndugu zake wakalia. Taratibu, kwa mazoea tu, akakanyaga tena, na kigari kikaondoka.

Maelezo ya jambo hilo yalikuwa mepesi, na Bi Asidi aliyajua siku hiyohiyo. Aliweka magunia ya mchanga kwenye kiti na kwenye tela, akamwambia Taratibu apande kilima, yeye akakaa nyuma na kifuniko cha betri, katikati ya viti, kimefunuliwa, ncha za mita zikigusa betri moja baada ya nyingine. Zote zilishikilia vizuri mpaka alipofika kwenye ya nne. Hiyo, ikiwa imepumzika, ilisoma sawa na wenzake. Ilipobebeshwa mzigo wa mlima, namba zikaporomoka kama mtu aliyekalia kiti kisichokuwepo. Alipoipima maji, tundu moja boya lilizama, dalili kwamba maji yake makali yamekwisha nguvu. Betri ya namna hiyo ikichoka huzimika, ukiiacha ipumzike inapata nguvu ya kujikongoja tena. Mtoto wa marehemu alikuwa amelia muda wa kutosha kuipa nafasi.

Alimweleza msimamizi. Msimamizi akasema sawa, ibadilishwe. Lakini kabla haijabadilishwa ilikuwepo kazi nyingine mchana ule, na kigari kikasimama tena palepale, na safari hii mjane akamwambia marehemu kwamba ule mguu wa meza haukuvunjwa na paka. Kigari kikaenda. Kesho yake simu zikaanza.

Watu walitaka Bwana Harusi. Hawakukijua kwa jina hilo, walikiita kile kigari kinachosikiliza. Familia zilizokuwa zimepangiwa kigari kingine zililalamika kwamba mpendwa wao amewekwa kwenye gari la kawaida. Wengine walikuja wamejiandaa, na mtu mmoja alionekana nyuma ya choo cha wageni akifanya mazoezi ya kulia. Wapo pia waliotembea mbali kabisa nyuma ya msafara, wakisingizia viatu, ili kikisimama wawe hawajafika. Mtunza bustani alianza kukiamkia kigari asubuhi. Taratibu alinunua tai.

Msimamizi alimwita Bi Asidi pembeni, chini ya paa la ofisi. "Fundi," alinong'ona, "ile betri usiiguse."

Bi Asidi akamwambia betri ile inakufa, na ipo siku itasimama isiondoke tena. Msimamizi akauliza kama kuna uwezekano wa kuifanya isimame pale pale kila siku, bila kukosa, na kama vigari vingine viwili vyenye tela navyo vinaweza kufundishwa. Akajibiwa kwamba betri si mfanyakazi wa kupangiwa zamu. Msimamizi akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepokea habari za msiba, akasema basi iachwe kama ilivyo.

Bi Asidi aliiacha, lakini moyo haukumpa. Kila asubuhi alipofikia betri ile ya nne alijisikia kama daktari aliyeambiwa asimtibu mgonjwa kwa sababu anakohoa vizuri.

Hali ikaendelea hivyo mpaka msiba ulipoingia nyumbani kwake. Mjomba wa mumewe, ndugu wa pekee wa mama mkwe, alifariki usingizini. Huyu alikuwa akiitwa Mjomba Hapana. Si kwamba alikuwa mkorofi, ila neno la kwanza kutoka kinywani mwake, kwa jambo lolote lile, lilikuwa hapana. Ukimwuliza kama amelala salama, hapana, kisha anaeleza kwamba amelala salama. Ukimwalika kwenye shughuli, hapana, kisha anafika kabla ya viti. Alikataa chai huku ameshika kikombe. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na katika ukoo hapakuwa na mtu ambaye hakuwahi kugombana naye na kupatana naye, kwa zamu.

Mama mkwe alikuja kwa fundi cherehani akiwa na macho makavu, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alisema mazishi yatakuwa huko kwenye kilima anakofanya kazi mke wa mwanawe, na kwamba anataka kile kigari. Mwanawe akasema kitapatikana. Bi Asidi, aliyekuwa kwenye kona akichukuliwa vipimo vya gauni la msiba, alinyoosha tu mkono upimwe. Hakuwa na mazoea ya kubishana na mama mkwe wake, mwanamke mwenye ulimi usio na simile, ambaye miaka yote alimwona kama binti mzuri aliyejiingiza kwenye kazi ya ajabu.

Lakini usiku mzima mawazo yalikuwa kwenye ile betri. Ilikuwa imeshuka sana wiki hiyo. Aliona kwa macho ya akili kigari kimekwama kwenye kona, kimekufa moja kwa moja, na wakwe zake wote wanamtazama yeye, fundi, ndani ya gauni jipya. Alijiambia kwamba kama kuna siku ya kufanya kazi yake sawasawa, ndiyo hii. Kwa hiyo mchana wa siku ya kabla ya mazishi, msimamizi akiwa amekwenda mjini, alikwenda kwenye kigari kibovu kilichowekwa nyuma ya banda, akapima betri zake zote, akachagua moja yenye umri na afya ya kulingana na zile zilizobaki kwenye Bwana Harusi, akaichaji, akaipumzisha, akaipima tena, akaifunga mahali pa ile ya nne. Ile mgonjwa aliipakia kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekuwa anapita. Taratibu alipokipandisha kigari na magunia ya mchanga mpaka juu, namba hazikutikisika. Alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo haikufaa kabisa kwa mtu aliyefiwa.

Siku ya mazishi, mbele alikaa Taratibu na tai yake, na pembeni yake Bi Asidi, maana familia ilisema fundi awe karibu. Kwenye kiti cha nyuma, kinachotazama kule wanakotoka, alikaa mama mkwe pamoja na wifi, uso kwa uso na jeneza lililokuwa kwenye tela. Wengine walifuata kwa miguu. Mumewe alikuwa mstari wa mbele, na kando yake shemeji, yaani mdogo wa mumewe, mwenye duka la vipodozi.

Kigari kilipanda kama kinateleza. Kilifika kwenye kona ya tangi, kikaipita, kikaendelea, laini, bila kuguna. Bi Asidi alitabasamu ndani kwa ndani.

"Simamisha," alisema mama mkwe.

Taratibu akakanyaga breki. Waombolezaji wakafika wakihema.

"Hakikusimama," alisema mama mkwe.

"Mama, si kimesimama," alisema Taratibu.

"Umekisimamisha wewe."

Hapo pakazuka mjadala, wa sauti za chini kwanza, halafu za kawaida, mahali ambapo sauti ya kawaida haikuwa imesikika kwa miaka. Wifi alisema labda mjomba hana la kumwambia mtu. Waliomjua wakamtazama kwa huruma. Mwingine akasema ana hasira kiasi kwamba hataki hata kusikiliza. Mumewe Bi Asidi alijaribu kusema kwamba labda marehemu amesamehe wote kwa jumla, akaulizwa kama anamzungumzia mjomba huyuhuyu. Shemeji, baada ya kufikiri, alisema inavyoonekana wamepewa jeneza la mtu mwingine. Mtu aliyekataa kila kitu tangu ujana, alisema, hawezi kuukubali mlima kirahisi namna ile. Wazo hilo likawaingia. Ikabidi msimamizi aitwe, na msimamizi akanong'ona mbele ya kila mzee wa ukoo, mmoja mmoja kwa kuwa hakuna aliyemsikia kwa pamoja, kwamba jeneza ni lenyewe na jina lake liko pale ubavuni. Alipomaliza alimtazama Bi Asidi kwa jicho ambalo halikuhitaji sauti.

Mama mkwe akaamuru warudi chini waanze upya. Kwa kuwa ni yeye aliyefiwa zaidi, hapakuwa na wa kumpinga. Tela likageuzwa kwa shida, mashada yakaanguka na kurudishwa kwenye vishikio vya fimbo za gofu, msafara mzima ukateremka mpaka langoni. Huko walikuta mazishi mengine yakisubiri zamu, na baadhi ya watu wakachanganyika bila kujua. Wakapanda mara ya pili. Kona ikafika, kona ikapita. Bwana Harusi hakuwa amewahi kwenda vizuri namna ile tangu awe mali ya wacheza gofu.

Taratibu alisimama mwenyewe safari hii, bila kuambiwa. Mama mkwe akageuka kwenye kiti, taratibu, mpaka uso wake ukawa karibu na sikio la mkwewe.

"Wewe ndiye fundi. Umekifanya nini?"

"Nimebadilisha betri, mama. Moja ilikuwa imechoka."

"Nani alikutuma?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Nilitaka mjomba apande vizuri."

Alitegemea ulimi ule umchane. Badala yake mama mkwe alishika ukingo wa kiti, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa. Alisema tangu alfajiri ile ndugu yake alipokutwa amelala, yeye alikuwa anaingojea hiyo kona. Alikuwa na jambo la kumwambia. Asingeweza kulisema msibani, watu wangemkatiza kwa pole zao. Asingeweza kulisema kaburini, pale ni haraka na majembe. Alishalipanga neno kwa neno, la pale penye tangi. "Sasa nitalisemea wapi?" aliuliza.

Bi Asidi alitazama mbele. Alifikiri kidogo, kisha akamwambia Taratibu ateremke, apande tena. Taratibu alitaka kuuliza, akamwona uso, akateremka.

Waombolezaji walipoambiwa wanarudi chini mara nyingine, walilalamika kidogo sana. Walikuwa wameshazoea. Wakapanda mara ya tatu, wakubwa wakisaidiwa na wadogo, na walipofika tu chini ya tangi, Bi Asidi aliteremsha mkono wake wa kushoto chini ya kiti, mahali ilipo swichi ya kukata umeme wakati kigari kinavutwa, akaibonyeza. Kigari kikanyamaza. Taratibu akakanyaga, wapi.

Uso wa kila mtu ukalegea kwa faraja. Shemeji alisema hata hewa imebadilika.

Mama mkwe alishuka. Alikwenda kusimama kando ya tela, akaweka kiganja juu ya jeneza. Alimwambia ndugu yake kwamba anaikumbuka ile baiskeli. Wakati wao wakiwa wadogo, baba yao alitaka kuiuza baiskeli ya kijana wake, akamtuma binti akamwulize kama anakubali. Yeye hakwenda kuuliza. Alikaa nyuma ya nyumba akala miwa, kisha akarudi akasema amekubali. Baiskeli ikauzwa. "Na ukaulizwa kwa nini unalia wakati ulikubali," alisema. "Tangu siku ile ukaanza kusema hapana kwa kila kitu, kabla mtu hajakusemea. Nilijua. Nimekusikia ukisema hapana miaka yote hii, na kila mara nilijua unaniambia mimi."

Hakulia. Aliondoa kiganja, akarudi kwenye kiti chake, akanyoosha nguo magotini. Bi Asidi angeweza kuwasha swichi hapohapo, na baadaye alijilaumu kidogo kwamba hakufanya hivyo, ila bado alikuwa akiifikiria ile baiskeli.

Wengine wakachukua nafasi. Shemeji alisogea akasema ngazi ya mjomba iko kwake na ni nzima. Wifi akakiri kwamba ni yeye aliyekuwa akimwiga mjomba jikoni, na kwamba wote waliokuwa wakicheka wako hapa. Wale wote wakatazama nyasi. Mumewe Bi Asidi, kwa kigugumizi, akamwomba radhi mjomba kwa suruali aliyomshonea mguu mmoja mrefu, ambayo mjomba alisema hapana, imenikaa vizuri, akaivaa mpaka ikachanika. Kisha akajitokeza bwana mmoja mwenye kofia mkononi, akasema kwa uchungu mwingi kwamba lile toroli hakulirudisha kwa sababu lilipinda, na kwamba anaomba asilaaniwe. Watu wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba bwana huyo alikuwa wa yale mazishi mengine ya langoni, na hakuna aliyemfahamu.

Bi Asidi alikaa na kidole kwenye swichi, na hapo ndipo lilipomjia, taratibu na kwa kutisha, kwamba ni yeye anayeamua watu hawa wamesema vya kutosha au bado. Hakuna mita ya hilo. Alisikiliza kila anayekuja kama anavyosikiliza betri inapochemka, akijaribu kutambua ni wapi sauti inaacha kuwa ya kweli. Binamu mmoja alikiri jambo ambalo lilionekana wazi amelitunga palepale ili asionekane mkavu. Mwingine hakukiri bali alimshtaki marehemu. Hatimaye shemeji akarudi mara ya pili, akaanza kusema kwamba mjomba siku zote alilisifu duka lake la vipodozi, ambalo sasa limehamia mkabala na kituo cha mafuta, na kwamba mafuta ya nywele ya aina zote...

Bi Asidi akawasha.

Alichosahau ni kwamba Taratibu, mtu wa wajibu, alikuwa bado amekanyaga mpaka mwisho. Betri zote zilikuwa nzima na zimejaa. Kigari kiliruka kama kimechomwa sindano. Wifi alimkumbatia mama mkwe, Taratibu akashika usukani kwa mikono yote na tai ikampanda begani, na Mjomba Hapana akaondoka kwa mwendo ambao makaburi yale hayakuwahi kuuona, huku nyuma familia nzima, pamoja na wageni wa mazishi mengine, ikipanda kilima mbio na viatu mkononi. Msimamizi alisimama katikati ya njia, mikono juu, akanong'ona wasimame. Kisha akaruka kwenye maua.

Walizika salama. Baadaye wazee walisema ni msiba uliotulia moyoni kuliko yote waliyohudhuria.

Asubuhi iliyofuata msimamizi alikuja bandani, mchubuko shavuni, akataka ile betri ya zamani irudishwe. Bi Asidi akamwambia kwa wakati ule lazima imeshayeyushwa. Msimamizi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Halafu akauliza, bila kumtazama, kama ile swichi ya chini ya kiti inafanya kazi kila mara. Alikuwa ameiona.

Kwa hiyo likapangwa jambo ambalo hakuna mtu aliyelitaja kwa jina. Bwana Harusi angesimama kwenye kona kila mazishi, na atakayebonyeza ni fundi. Bi Asidi alikataa. Alisema afundishwe Taratibu, na Taratibu akajaribu kwa muda, lakini hakuwa na moyo wa kazi ile. Siku moja aliwaachia watu waondoke kwenye kwikwi ya kwanza, kabla hata aliyefiwa hajafungua mdomo. Siku nyingine alisahau kabisa akawaacha wakikiri mpaka mvua ikanyesha, na watoto wa marehemu wakapigana juu ya mambo ambayo walikuwa wameshayamaliza utotoni. Bi Asidi akakubali hatimaye, kwa sharti kwamba banda lake litobolewe madirisha makubwa pande mbili, maana hewa ya betri zinazochajiwa si ya kuvutwa na mtu. Madirisha yalitobolewa wiki hiyohiyo. Asubuhi alipima betri, mchana alipanda na wafiwa. Mama mkwe alipoulizwa mkwewe anafanya kazi gani, alikuwa akijibu kwamba ni kazi ya usiri, hawezi kuieleza.

Kuna siku walimpandisha mzee mmoja ambaye hakuwa na watu wengi, ila mkewe, bibi mfupi mwenye miwani, na majirani wawili watatu. Walipofika kwenye kona Bi Asidi akabonyeza. Wakasubiri. Bibi alitazama mji kule chini, akatazama tangi, akamtazama Taratibu, kisha akamwuliza Bi Asidi kama tatizo ni kubwa.

Bi Asidi akasema si kubwa, ni kupumzika tu, na kama ana lolote la kumwambia mzee, nafasi ipo.

Bibi alifikiri. Akasema hapana, walikuwa wakiambiana kila kitu, wakati mwingine mpaka kinachosha. Ila kulikuwa na jambo moja. Maisha yake yote aliendeshwa. Mumewe alikuwa dereva wa malori, na hata siku moja hakumwachia usukani, akisema barabara ni mbaya. Barabara hii anaiona ni nzuri.

Taratibu akamtazama fundi. Fundi akamtazama Taratibu mpaka akateremka. Bibi akasaidiwa kuhamia upande wa usukani, akaonyeshwa pa kukanyaga ili kiende na pa kukanyaga ili kisimame, na swichi ikawashwa. Kigari kiliondoka kikienda upande, kikapanda ukingo, kikapita katikati ya maua ya msimamizi, tela likiyumba nyuma na majirani wakilishikilia kila mmoja upande wake. Mtunza bustani aliinuka na mkasi wake mkononi, akakiamkia kigari kikipita. Bibi alikuwa amekunja uso kwa umakini mkubwa. Bi Asidi, pembeni yake, alikuwa amefunua kifuniko cha betri na kushusha ncha za mita, kwa sababu mlima ulikuwa mkali, mzigo ulikuwa kamili, na nafasi nzuri ya kupima kama ile haitokei kila siku. Alitazama namba. Zilikuwa zimeshikilia.

"Kushoto kidogo, mama," alisema, na bibi akaenda kulia.